Nimelipia tipsi za farasi, na jedwali lao la matokeo linadanganya

Farasi wa tatu kwenye mbio za farasi saba halipwi. Anayebeti mbio za Uingereza analijua hilo kabla hajajua kusoma fomu, yaani rekodi ya mbio zilizopita za farasi. Lakini huduma ya tipsi ninayoilipia, ambayo jina lake siliweki hapa, imeandika kwenye jedwali lake la matokeo kwamba tipsi yao ya juzijuzi "imelipa". Haikulipa. Kila aliyewafuata kwa masharti ya kawaida mkeka wake ulichanika wote, na wao wamejiandikia faida.

Ilikuwa hivi. Asubuhi walituma farasi mmoja wa mbio za handikapu (ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi), odi 9.0, wakaelekeza dau la pande mbili: pauni 10 ashinde, pauni 10 ashike nafasi. Walioandikishwa kukimbia walikuwa wanane. Mvua ikanyesha, hali ya uwanja ikabadilishwa kutoka nzuri kuwa laini, na farasi aliyekuwa akipewa nafasi kubwa kuliko wote, odi 3.0, akaondolewa. Tangazo lilitoka mapema kabisa. Huduma haikuandika neno lolote, wala asubuhi ile haikuwa imesema nini kifanyike akitoka farasi.

Mbio za wanane ndiyo mtego unaojulikana kuliko yote kwenye dau la pande mbili. Kwa masharti ya kawaida ya Uingereza, wakikimbia wanane au zaidi zinalipwa nafasi tatu, kila moja kwa moja ya tano ya odi. Wakikimbia watano hadi saba zinalipwa nafasi mbili tu, kwa robo ya odi. Wakiwa wanne au pungufu, hakuna nafasi, ni kushinda tu. Handikapu ya farasi 12 hadi 15 inalipa nafasi tatu kwa robo, na kuanzia 16 inalipa nne kwa robo. Wanaohesabiwa ni waliokimbia kweli, siyo walioandikwa kwenye ratiba ya asubuhi. Kwa hiyo akitoka mmoja kati ya wanane, nafasi ya tatu imekufa hapo hapo. Kampuni nyingine huongeza nafasi kama ofa, lakini ofa ya kampuni moja huwezi kuihesabia wateja wote.

Sasa tazama hesabu yao. Farasi alimaliza wa tatu. Wao wamechukua moja ya tano ya 8 (odi 9.0 ukitoa dau lenyewe), yaani 1.6, wakazidisha kwa pauni 10, wakapata 16, wakarudisha na dau la 10, jumla 26. Wametoa pauni 20 zilizowekwa, wakaandika faida ya 6. Ukweli ni kwamba hasara ni 20. Tofauti ya pauni 26 kwenye tipsi moja! Fanya hivyo mara chache kwa msimu na jedwali la hasara linageuka kuwa tangazo la biashara.

Na hata farasi yule angefanya vizuri zaidi, hesabu yao bado ingekuwa mbovu, kwa sababu ya makato ya Kanuni ya 4. Farasi akiondolewa baada ya wewe kubeti kwa odi iliyokuwepo, ushindi wako unakatwa kulingana na odi ya aliyeondoka. Aliyekuwa kwenye 3.0 anakata asilimia 30. Aliyekuwa kwenye 2.0 anakata 45. Aliyekuwa juu ya 15.0 hakati kitu. Makato yanaingia kwenye ushindi, siyo kwenye dau, na yanagusa pande zote mbili za mkeka. Farasi wao angeshinda, pauni 80 za upande wa ushindi zingebaki 56. Angekuwa wa pili, robo ya odi ingeleta pauni 20, zikakatwa zikabaki 14. Ukirudishiwa dau la upande ule unapata 24, na kwa kuwa uliweka 20, umebaki na faida ya 4. Nimepekua jedwali lao lote sikuona hata sehemu moja yenye safu ya makato. Farasi wanaondolewa kila siku, lakini kwao makato hayapo.

Niliwaandikia kwa adabu, nikaweka hesabu zote. Aliyejibu alisema tipsi ilitolewa wakiwa wanane, hivyo wanahesabu wanane, na kwamba kama mbio zinanichanganya nikabeti mpira. Hivyo ndivyo wanavyomjibu mteja anayelipa. Hakuomba radhi, hakusema atapeleka suala mbele. Nilipouliza wateja waliolipwa kwa wanane walilipwa na nani, sikujibiwa tena.

Nirudi kwenye uchaguzi wenyewe, maana hapo nilitaka kuwatetea. Jedwali lao la kasi ni zuri kweli. Hawachukui muda wa mshindi ukiwa mbichi. Wanalinganisha muda wa mbio zote za siku na muda wa kawaida wa uwanja ule, wanaona ardhi ilichelewesha au iliharakisha kiasi gani, ndipo wanampa kila farasi namba. Kazi hiyo ukiifanya mwenyewe inakula jioni nzima. Pia wanaonyesha uzito anaobeba farasi kwa ratili (karibu nusu kilo) na wanaondoa punguzo la uzito la joki mwanafunzi, ambalo ni ratili 7, 5 au 3 kulingana na idadi ya mbio alizoshinda. Kwa hilo nilikuwa nimeshawapa nyota tatu.

Lakini namba ya kasi bila hali ya uwanja haikusaidii, na tipsi ile inaonyesha hivyo waziwazi. Ushindi wote wa farasi yule ulikuwa kwenye ardhi nzuri au ngumu. Kwenye laini alishakimbia, akamaliza nyuma. Mvua iliponyesha sababu ya kumchagua iliondoka, hata bila habari ya nafasi. Mtu anayechagua kwa umakini anaanza na ardhi: anatazama farasi amefanya nini kwenye ardhi ya leo, siyo kwa ujumla. Akipita hapo ndipo unaangalia umbali, kisha uzito. Na uzito unausoma pamoja na umbali, kwa sababu kushinda kwa urefu wa farasi wawili hakuna thamani moja kila mahali. Kwenye furlongi 5 (karibu kilomita moja) urefu mmoja unakadiriwa kuwa sawa na ratili 3 hivi, kwenye maili 2 ni kama ratili 1. Aliyeshinda kwa urefu wawili kwenye mbio fupi akaongezewa ratili 4 bado ana akiba. Kwenye maili 2, ratili 4 hizo hizo zimemfunga.

Namba ya geti analoanzia farasi nayo hawaitaji kabisa. Chester ni uwanja wa mzunguko mdogo, unakata kona kushoto karibu njia nzima, na kwenye mbio fupi mwenye geti la ndani anakimbia njia fupi kuliko wenzake. Wao wametuma tipsi ya Chester kwenye furlongi 5 kwa farasi wa geti la nje kabisa, bila neno moja kuhusu geti. Unajiuliza aliyeituma alifungua ramani ya uwanja au alichukua tu namba ya juu kwenye jedwali la kasi.

Halafu lile tangazo lao kwamba wanapatia karibu theluthi ya tipsi. Farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda karibu theluthi ya mbio, kwa hiyo ukifumba macho ukambeti yeye kila siku unafikia kiwango hicho hicho, na bado utapoteza, kwa kuwa odi zake ni ndogo. Cha kuuliza ni walipatia kwa odi gani. Kwenye 4.0 unahitaji kupatia 25 kati ya 100 ili usipate wala usipoteze. Ukipatia 25 hizo hizo kwenye 3.5, kwa dau la pauni 10 kila mara, umetoa 1,000 ukarudishiwa 875. Wao wanaandika odi ya juu kabisa iliyoonekana asubuhi, ile inayoshuka tipsi ikishawafikia wateja wote na kila mtu akaikimbilia. Anayefungua simu nusu saa baadaye anakuta 7.0 mahali walipoandika 9.0.

Nimesema nyota tatu. Ningebaki kwenye mbili kwa ajili ya jedwali la kasi, maana anayejua kusoma ardhi na geti mwenyewe anaweza kulitumia na kuzipuuza tipsi zao. Ila jedwali la kasi na jedwali la matokeo yanatoka mikono ile ile, na mkono uliogeuza hasara ya 20 kuwa faida ya 6 siwezi kuuamini kwenye namba nyingine yoyote. Nyota moja. Malipo ya mwezi ujao nimeyasitisha. Anayetaka kujiunga afungue kwanza jedwali lao la matokeo, atafute handikapu zote zilizoandikishwa farasi wanane, halafu aangalie kwenye matokeo rasmi ya uwanja walikimbia wangapi.