Kufuli kila pahala, au uzi mmoja wenye skrini?

Anayeandika programu ya tiketi za boti pale Malindi, Unguja, ana njia mbili za kuzuia nyuzi, yaani mifuatano ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja, zisigombanie dirisha moja. Ya kwanza ni kulinda skrini kwa kufuli linaloshikwa na uzi mmoja kwa wakati, ili uzi wowote uweze kuigusa kwa zamu. Inavutia ikiwa karatasini, lakini bonyezo la kipanya hupanda kutoka mfumo endeshi kuelekea programu, ilhali amri ya kuchora hushuka, na kila upande hushika kufuli linalosubiriwa na mwenziwe, mfano wa mikokoteni miwili iliyokutana katika kichochoro cha Mji Mkongwe, ila hapa hakuna hamali wa kurudi nyuma. GTK, maktaba ya kuundia madirisha ya programu, ilikuwa na kufuli moja kubwa la aina hii, na tangu toleo la 3.6 la mwaka 2012 matumizi yake hayapendekezwi tena.

Ya pili, ambayo ndiyo ya Swing, maktaba ya madirisha katika lugha ya Java, huuachia uzi mmoja tu mamlaka juu ya skrini. Nyuzi nyingine zikishapata orodha ya abiria wa Mkoani, Pemba, hupanga kazi kwenye foleni ya uzi huo kwa amri ya invokeLater. Naipendelea hii, ingawa ukiiuliza hifadhidata ndani ya uzi huohuo wa skrini dirisha huganda, na karani hubonyeza “Kata tiketi” mara tatu.