Biblia ya maandishi makubwa (Union Version), niliyoisomea wodi ya watoto njiti

Nimeitumia siku 41, karibu zote usiku, mtoto akiwa kifuani.

Binti yangu alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,240. Alipotulia kidogo nikaanza kumbeba kangaruu: ngozi kwa ngozi, kafungwa kwa kitenge, nami nimeegemea mto. Kila baada ya saa tatu nakamua maziwa, yanapitishwa kwenye mpira wa puani. Usiku taa za wodi hupunguzwa. Agano Jipya la mfukoni nililokwenda nalo halikusomeka, na mwanga wa simu sikuutaka karibu na uso wake. Ndipo baba yake akaninunulia hii, shilingi 45,000, duka la vitabu vya Kikristo hapa Dodoma.

Herufi ni kubwa kweli na wino umekolea. Mwanga wa korido ulinitosha. Shida ni uzito. Mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili hauiinui. Nililazimika kuilaza juu ya mto ubavuni na kusoma shingo imepinda. Karatasi ni nyepesi mno, maandishi ya nyuma yanaonekana. Zipu ilikufa wiki ya tatu.

Tafsiri ni ile ya 1952. Wapo wanaopenda zile nyepesi za karibuni, na kwa watoto wa shule ya Jumapili naafiki kabisa. Ila mimi maneno yaliyonishika ni haya ya zamani. Usiku mmoja mtoto alisahau kupumua. Sista akamsugua nyayo mpaka akavuta hewa, akamrudisha kifuani kwangu, akaenda kwa mwingine. Mikono ikitetemeka nikafungua Zaburi ya 13: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Hiyo “hata lini” inarudi mara nne ndani ya mistari miwili. Sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo. Kwetu tulilelewa kuanza sala kwa shukrani, hofu unaimeza. Nikaisoma kwa kunong'ona, nikalia, na hapo ndipo nilipoomba kweli tangu nijifungue.

Zaburi hiyo ina mistari sita tu na mwishoni inamwimbia Bwana. Ya 88 haifiki huko, inaishia gizani. Naipenda. Kuna usiku nami niliishia hapohapo, na kuona Neno la Mungu limeshapafika kabla yangu kulinivusha mpaka kukakucha. Asubuhi kabla ya kupima uzito nilisoma Maombolezo 3:22-23, “rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi.” Siku gramu zilipoongezeka niliisoma, na siku zilipopungua niliisoma.

Mama wa kitanda cha jirani alimpoteza wake. Sikuthubutu kumsomea kitu. Siku ya kuondoka aliniomba Biblia mwenyewe, nikamwonyesha ya 88, akaisoma yote akiwa amesimama, kanga yake begani, kisha akanishika mkono kwa muda mrefu.

Wangu alitoka na gramu 1,850, na sasa ninapoandika amelala.

Ukitaka kumnunulia aliye hospitalini, chukua hii ya maandishi makubwa, lakini tafuta yenye jalada la kawaida, bila zipu. Na umpelekee mto mdogo wa kuiegemeza.