Celestron Nature DX 8x42: darubini ya kutazamia vipanga wachanga uani, Mtwara

Kwa nyumba ya Mtwara yenye mkorosho au mwembe uani, darubini hii inatosha, na bei yake haitishi. Namba 8 ni ukuzaji: kipanga aliye umbali wa mita 16 unamwona kana kwamba yuko mita 2. Namba 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, mwanga unaoingia jichoni una upana wa milimita 5 na kidogo. Zile za mfukoni za 10x25 hutoa milimita 2.5 tu, na alfajiri chini ya majani ya mkorosho ndege anabaki kuwa kivuli cheusi. Watu wengi hupotezea hela zao hapo.

Mwanga ni muhimu kwa sababu kipanga mchanga hutambulika kwa rangi. Shikra, aina ya kipanga mdogo, akiwa mchanga ana mgongo wa kahawia, kifua chenye michirizi ya kahawia inayoshuka wima, mstari wa giza katikati ya koo, na macho ya njano. Mkubwa ni wa kijivu, mistari myembamba imekata kifua kwa upana, macho yameiva wekundu. Mwewe mchanga huwachanganya wengi maana mdomo wake bado mweusi. Huyo mtambue kwa mkia wenye panda.

Kabla ya yote, irekebishe. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione tawi vizuri. Kisha funga la kushoto, uzungushe pete ya upande wa kulia bila kugusa gurudumu. Ukiiruka hatua hii kichwa kitakuuma, na utailaumu darubini bure. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira. Ina uzito wa gramu 630 hivi, kwa hiyo egemeza viwiko ukutani.

Upungufu wake: toleo hili halina kioo cha ED, yaani kile kinachopunguza rangi za ziada kwenye kingo za picha. Kipanga akitua juu ya kuti na nyuma yake kuna anga jeupe, ukingo wa mwili huota uzi wa zambarau. Kivulini huuoni.

Ndani imejazwa naitrojeni, haiingii ukungu. Nje inakutegemea wewe. Chumvi ya upepo wa bahari na mchanga wa ufukwe wa Shangani hukwaruza kioo ukikifuta kwa kanga au pindo la shati. Puliza kwanza, pitisha brashi laini, ndipo kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo. Msimu wa mvua usiiache kabatini ndani ya mfuko wake: kuvu huota juu ya lenzi, na ikishakula utando wa kinga haurudi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu.

Milamba, wale ndege weusi wanaofukuza vipanga, wakianza kupiga kelele, elekeza huko. Kipanga akiruka kuelekea jua, shusha darubini papo hapo. Sekunde moja yatosha kuunguza jicho.