PS5 moja, wao wanahesabu tatu: uzoefu wangu na programu ya kutazama mpira

Kifurushi nimelipia, intaneti inakimbia, PS5 imewaka, na televisheni inaniandikia kwamba nimefikisha idadi ya juu ya vifaa. Vifaa gani? Akaunti hii inatumika kwenye PS5 moja na simu moja, na wao wenyewe wanaruhusu vinne. Ukifungua tovuti yao kwenye sehemu ya vifaa, orodha inasomeka hivi: PlayStation 5, PlayStation 5, PlayStation 5, kisha simu. Mashine ile ile moja iliyo chini ya televisheni imeandikwa mara tatu. Mbele ya kila jina kuna kitufe cha kuondoa, lakini kimefifia, hakibonyezeki. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, wanasema unaweza kuondoa kifaa kimoja tu ndani ya siku 30, na nafasi hiyo imeshatumika.

Jina la huduma nalihifadhi. Ila mtu yeyote anayetaka kuchagua programu za kutazamia kwenye PS5 au Xbox aelewe jambo hili kabla hajatoa hela, kwa sababu halimo kwenye matangazo yao wala kwenye video za watu wanaosifia picha kali.

Programu ya kwenye konsoli ikifunguliwa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hujitengenezea namba ya utambulisho na kuituma kwa mwenye huduma. Namba hiyo hukaa pamoja na data za programu. Ukiifuta programu, upande wako namba imekufa, upande wao iko hai na inaendelea kushika nafasi. Ukiipakua upya inazaliwa namba nyingine, na kwao huyo ni mgeni mpya. Huduma iliyotengenezwa kwa akili hutambua kwamba namba ya zamani haijaonekana tena, au inakuachia uifute mwenyewe kwa mbofyo mmoja. Hii haifanyi lolote kati ya hayo.

Sasa ongeza hili: ushauri wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne wa huduma kwa wateja wao ni "futa programu, pakua upya". Kila nikilalamika kwamba kiduara kinazunguka na picha haiji, jibu ni hilo hilo. Wao ndio wanaokuelekeza kuijaza orodha, halafu wanakufungia nje kwa kuwa imejaa.

Na kila ukipakua upya unarudia zoezi la kuunganisha. Televisheni inaonyesha kodi (code, yaani msimbo) ya herufi nane, nyeupe juu ya bluu, zikiwa na O na 0 pamoja, I na 1 pamoja, kwa mwandiko ambao huwezi kuzitofautisha ukiwa umekaa kwenye kochi. Kodi inaishi dakika tano. Kwenye simu tovuti inataka kwanza uingie upya, kisha inatuma namba ya siri kwa SMS, na SMS inakuja kwa wakati wake. Unamaliza kuandika herufi ya nane, inakwambia kodi imekwisha muda. Unaanza upya. Mpira uko dakika ya 20.

Nikapiga simu. Mhudumu anauliza natumia kifaa gani, namwambia PS5. Akasema, "Dada, hiyo si gemu ya watoto? Tumia televisheni ya kawaida." Namweleza kwamba nembo ya PlayStation iko kwenye ukurasa wao wa mbele, pale pale wanapoandika vifaa vinavyokubalika. Akanyamaza, kisha laini ikakatika. Sikupigiwa tena. Ningevumilia programu mbovu, maana programu hurekebishwa. Mteja aliyelipa kujibiwa hivyo sivumilii.

Kinachouma zaidi ni kwamba tatizo la mwanzo, lile la kiduara, halikuhitaji kufuta kitu. Programu nyingi za video zikiachwa wazi halafu PS5 ikaingia Rest Mode, yaani ikapumzishwa bila kuzimwa kabisa, zikiamka zinabaki na kibali cha kuingia kilichokwisha muda. Programu inadhani bado imo ndani, seva inaikataa, nayo haina akili ya kuomba kibali kipya. Dawa yake ni sekunde kumi: bonyeza kitufe cha PS, nenda kwenye alama ya programu pale chini, bonyeza kitufe cha Options kwenye pedi, chagua Close, kisha ifungue tena. Basi. Kwenye Xbox ni kitufe cha nembo, simama juu ya programu, kitufe cha Menu, kisha Quit. Ukijizoeza kufunga programu kabla ya kuizimisha mashine, kiduara hicho kitakutembelea kwa nadra sana.

Ikikataa bado, fuata mpangilio huu na usiruke hatua. Angalia saa na tarehe kwanza, hasa kama unatumia PS4 ya mtumba. Betri yake ya ndani ya saa ikiisha, umeme ukikatika tarehe inaweza kurudi nyuma miaka, na muunganisho wowote wenye ulinzi unakataliwa kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kufanya kazi. Kwenye PS4 ingia Settings, Date and Time, uiambie ichukue saa kwenye intaneti. Kisha zima rauta, hesabu nusu dakika, washa. Kisha zima mashine kabisa, usiipumzishe, shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi, unganisha pedi kwa waya wa USB, na kwenye orodha ya Safe Mode itakayotokea, kwenye PS5 chagua namba 5, ile ya kusafisha kache na kupanga upya hifadhi. Gemu zako haziguswi. Ukifika hapo na bado imegoma, ndipo ufute programu, lakini kabla ya kuifuta ingia ndani yake utoke kwenye akaunti kwa Sign Out. Kwa huduma nyingi, kutoka kwenye akaunti ndiko kunakowaambia wao waachie nafasi yako. Ukifuta bila kutoka, unawaachia jina la ziada kwenye orodha. Hili ndilo neno moja ambalo wahudumu wao wangepaswa kulisema, na hawakulisema hata mara moja.

Kwa hiyo unapochagua programu ya konsoli, orodha ya filamu na ligi iweke pembeni kwanza. Fungua tovuti ya huduma, tafuta sehemu ya kusimamia vifaa, uone kama unaweza kuondoa kifaa mwenyewe, muda wowote, bila kupiga simu. Netflix wana ukurasa wa kusimamia vifaa tangu mwishoni mwa 2022: unaona vifaa vilivyotumika karibuni na mara ya mwisho kila kimoja kilipotumika, na unakitoa papo hapo. YouTube unaingia kwa kodi, na ukitaka kukiondoa kifaa unafanya hivyo kwenye akaunti yako ya Google. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka.

Jambo la pili ni aina ya kifurushi. Kifurushi cha simu ni cha simu. Bei yake inavutia, ukilipia unafurahi, ukifika kwenye PS5 programu inafunguka vizuri, inakuonyesha picha za filamu zote, halafu ukibonyeza kucheza inakataa. Soma kama neno televisheni au konsoli limeandikwa waziwazi kwenye kifurushi chenyewe. Likikosekana, chukulia kwamba hairuhusiwi.

Kisha kuna nchi ya akaunti, na hapa watu wengi wa kwetu hukwama. PSN, mtandao wa akaunti za PlayStation, haina Tanzania wala Kenya kwenye orodha yake ya nchi, kwa hiyo kila mtu amefungua akaunti ya kwingine: Marekani, Uingereza, Afrika Kusini. Duka linakuonyesha programu za nchi ya akaunti, wala halijali umekaa Kinondoni au Nyali. Programu inayokusudiwa soko la Afrika unaweza usiione kabisa ukiwa na akaunti ya Marekani. Usiifute akaunti yako kwa hilo. Ongeza mtumiaji wa pili kwenye mashine hiyo hiyo, mfungulie akaunti ya nchi inayotakiwa, pakua programu kwa jina lake, kisha rudi kwa mtumiaji wako. Programu ya bure ikishakuwemo ndani ya mashine inaonekana kwa wote. Kwenye Xbox ni rahisi zaidi: Settings, System, Language & location, badili mahali, washa upya.

Malipo fanya kwenye tovuti ya huduma yenyewe, kwa kadi au kwa pesa ya simu kama wanapokea. Usilipie kupitia duka la konsoli. Kadi yako ya hapa na akaunti ya nchi nyingine hazipatani, na hata zikipatana, siku ya kusitisha unakuta huduma inakuambia uende kwenye duka, duka linakuambia uende kwenye huduma.

Bando: picha ya HD inakula mpaka 3GB kwa saa, ya 4K mpaka 7GB. Mechi moja na mapumziko yake ni saa mbili, fanya 6GB, hivyo bando la 10GB halimalizi mechi mbili. Netflix wanakuruhusu kushusha matumizi kwenye mipangilio ya profaili yako, kupitia tovuti wala si kwenye konsoli. Na zima masasisho ya gemu yanayojipakua yenyewe: Settings, Saved Data and Game/App Settings, Automatic Updates. Sasisho moja la gemu kubwa linaweza kumeza makumi ya GB huku wewe unailaumu programu kwamba picha imechakaa. Kama una PS4 ya toleo la kwanza, ile nene, Wi-Fi yake inashika 2.4GHz pekee, ambayo kwenye nyumba za kupanga zilizobanana imejaa rauta za majirani. Vuta waya wa LAN, hata wa mita kumi.

Umeme nao si haba. PS5 za mwanzo zinapocheza video zinavuta wati 50 hivi na kuendelea. Saa nne kila siku ni uniti sita au zaidi za LUKU kwa mwezi, wakati kijiti cha kuchomeka nyuma ya televisheni hakifiki hata uniti moja kwa saa hizo hizo.

Kama unarekodi gemu zako kwa kifaa cha nje, pengine ulishazima HDCP, ule ulinzi wa kuzuia video kunakiliwa. Ukiizima, programu za video hazifunguki. Irudishe: Settings, System, HDMI, Enable HDCP. Na wanaotumia monita ya zamani kupitia kibadilishio cha HDMI kwenda VGA, vingi vya bei rahisi havipitishi ulinzi huo, kwa hiyo gemu zitaonekana na filamu zitakataa. Hapo usiilaumu huduma, badilisha monita. Maongezi yakisikika kwa mbali huku muziki unapasua masikio, nenda Settings, Sound, Audio Output, weka Linear PCM, kama unatumia spika za televisheni yenyewe.

Nilipoanza nilikusudia kuipa huduma hii nyota tatu. Picha yake kwenye PS5 ni safi kuliko kwenye simu, nyasi za uwanja zinaonekana moja moja, sauti ya mtangazaji haipishani na mdomo, na mpira unapigwa kwa kona ndefu haukatikikatiki. Hilo ni kweli na silifuti. Lakini picha safi niliiona siku ngapi? Kila nikikumbuka vile vitufe vilivyofifia nyota zinapungua. Mbili. Na nikikumbuka "gemu ya watoto", naipa moja, na hiyo moja ni ya mafundi wao wa picha, siyo ya aliyepokea simu.

Wala sisemi usitumie konsoli kwa kutazama. PS5 hiyo hiyo, Netflix na YouTube zinatembea bila shida, Spotify inapiga muziki huku gemu inaendelea, na Plex inachukua video za harusi kutoka kwenye kompyuta ya chumbani bila bando, ilimradi vyote viko kwenye rauta moja. Ukinunua konsoli mahsusi kwa ajili ya filamu, ndipo fikiria mara mbili: Nintendo Switch ya 2017 haina Netflix kabisa, na waliokuwa wakitazamia kwenye mashine za zamani za Nintendo, Wii U na 3DS, waliondolewa Netflix katikati ya 2021.

Wakifanya jambo moja tu, kile kitufe cha kuondoa kikawaka na kikabonyezeka bila masharti ya siku 30, nalipa mwaka mzima siku hiyo hiyo. Nimewaandikia barua pepe, nimeambatisha picha ya ile orodha yenye PlayStation 5 tatu. Limekuja jibu la mashine, na ndani yake hatua ya kwanza imeandikwa: futa programu, pakua upya.