TAHADHARI kwa wenye magari Lubumbashi: alamu "ya kisasa" inayonakiliwa mbele ya macho yako

Ndugu zangu, hasa ninyi wenye Corolla, Carina na Noah za miaka ya 1990 zilizoingia na usukani wa kulia: mkitafuta alamu yenye telekomande, someni hii kabla hamjatoa hata dola moja. Mimi nimetoa 85, na nimeibiwa juu yake.

Duka sitalitaja, sitaki kesi. Liko upande wa soko la Kenya, na wengi wenu mmeshapita mbele yake.

Gari langu ni Corolla ya 1997. Ukigeuza ufunguo mlango wa dereva, milango yote inajifunga, ila telekomande halikuja nayo. Ufunguo wenyewe ni chuma kitupu, hauna chip ndani, kwa hiyo mchonga funguo yeyote anakutolea mwingine ukiwa umesimama hapo. Nilitaka vitu viwili tu: nifungue kwa kidole mvua ikinyesha, na gari lisiwake mkononi mwa mwizi.

Kijana wa duka akanishushia sanduku jeusi. "Mukubwa, hii iko ya bien. Hii njo batu ba mines banaweka." Yaani ni nzuri, ndiyo wanayoweka watu wa migodini. Juu ya sanduku, kwa herufi za dhahabu, imeandikwa "Rolling Code". Maneno hayo yana maana yake, na ni maana nzuri: kila ukibonyeza, telekomande inatuma namba mpya, na kisanduku kilicho ndani ya gari kinakataa namba iliyokwisha kutumika. Mwizi akiidaka hewani, ameshika tiketi ya basi ya jana. Teknolojia hiyo si ngeni huku kusini mwa Afrika. Mojawapo inayojulikana zaidi, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, kisha ikauzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995.

Dola 70 pamoja na kufungiwa. Nikafungua sanduku: telekomande moja, na pembeni yake shimo jingine kwenye sponji, tupu, umbo lilelile. Nikauliza iko wapi ya pili. "Hiyo tunaiuza apart, papa. Dola 15." Nikalipa. Cheka tu, nami nimeshajicheka.

Sasa tazama alichofanya. Hakunipa ile ya sanduku. Alivuta droo, akatoa telekomande ya umbo tofauti kabisa, akabana vitufe vyake viwili kwa pamoja mpaka kitaa kikaanza kupepesa. Akazigusanisha, pua kwa pua, yake na yangu. Akabonyeza yangu mara moja, kitaa kikabadilika, basi. Haikufika sekunde kumi. Akaenda mlangoni, akabonyeza ile mpya, gari likaitika twii-twii. Moyoni nilimpigia makofi, nikasema huyu ni fundi.

Pale pale ndipo nilipaswa kuchukua pesa yangu na kuondoka. Kitelekomande cha kunakili ni kasuku: kinasikia, kinarudia. Kama kasuku ameweza kufungua mlango, basi namba haibadiliki, ni ileile asubuhi na jioni, mwaka mzima. Elektrisie wangu wa Katuba, yaani fundi umeme wa magari, alipoifungua baadaye alikuta ndani chip ya EV1527, ya bei rahisi, namba yake inachomwa kiwandani na haibadiliki tena. Ni aina ileile inayofungua mageti ya nyumba. Si mbovu kwa geti la kuku. Kwa gari, kijana yeyote mwenye kasuku wake mfukoni akisimama karibu nawe wakati unafunga, amekwisha kupata ufunguo wako.

Na ile ya pili ya sanduku? Ilibaki kwao. Telekomande zinazotoka katika sanduku moja kwa kawaida zimeshajuana na kisanduku chao. Kwa hiyo mimi nilinunua nakala, na ufunguo halisi wa gari langu ukalala kwenye droo ya mtu mwingine.

Wiki ya tatu niliegesha mjini, saa moja hivi. Niliporudi, milango imefungwa, vioo vizima, hakuna hata mkwaruzo. Ndani: redio hakuna, jeki hakuna, gurudumu la akiba hakuna, na mfuko wenye carte rose, kadi ya gari, umekwenda nao. King'ora hakikulia. Kilie kwa nini, wakati gari lilifunguliwa kwa adabu? Sisemi ni watu wa duka, sikuwaona. Nasema mlango ulikuwa wazi tangu siku nilipolipa.

Ingekuwa ni wizi peke yake ningenyamaza. Ila kuna ufungaji wao, na huo unaweza kuua.

Njia ya Likasi, nyuma ya lori la madini, moto wa gari ukakatika kabisa. Usukani ukawa mzito kama wa trekta. Breki ilinishika mara ya kwanza, ya pili ikawa jiwe, maana injini ikizima, ule msaada unaolainisha breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache. Niliingia pembeni kwa neema ya Mungu. Sababu? Ile relei, swichi ndogo ya umeme ya kuzuia gari lisiwake, hawakuiweka kwenye waya wa demarere, ile mota inayoamsha injini. Waliiweka kwenye waya wa kontakti, swichi ya ufunguo, unaolisha umeme wa injini, tena nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa skochi, utepe wa gundi. Joto likalainisha gundi, waya ukalegea. Relei ikiwa kwenye demarere, siku ikiharibika gari halitawaka, utakasirika, utaita fundi. Ikiwa kwenye moto wa injini, inaharibika ukiwa mwendoni. Tofauti ni waya mmoja tu!

Na betri nayo. Gari likilala siku tatu haliwaki. Elektrisie akapitisha mita kati ya betri na waya wa hasi, kila kitu kimezimwa: miliampea 300. Gari la namna hii likilala linatakiwa kubaki chini ya 50. Piga hesabu: siku tatu kwa 300 ni zaidi ya ampea-saa 21, karibu nusu ya betri yangu ya 45.

Nilirudi dukani. Walinionyesha maandishi madogo chini ya risiti, mnayajua, bidhaa ikishauzwa hairudi.

Kwa anayenunua sasa: mwambie muuzaji akunakilie telekomande kwa kasuku wake, kabla hujalipa. Ikikubali, rudisha sanduku. Telekomande zote zilizomo ziwe mkononi mwako, na fundi afute kumbukumbu ya kisanduku kisha aingize zako tu, ukiangalia. Uliza kitufe cha siri cha kuzima alamu kimefichwa wapi, kwa sababu wengi wanakibandika chini ya usukani palepale ambapo kila mwizi anaanza kutafuta. Relei kwenye demarere, viungo vya nyaya viunganishwe kwa risasi ya kuyeyushwa, fyuzi iwepo karibu na betri. Na hata ukipata yenye namba inayobadilika kweli, vuta mpini wa mlango baada ya kubonyeza: kuna wanaoziba mawimbi ili gari lisisikie, ukaondoka ukidhani umefunga.

Aliyenunua sanduku hilo jeusi la herufi za dhahabu, usingoje kuibiwa. Tafuta rafiki mwenye kasuku, ni dola chache. Jirani yangu wa Bel-Air alinunua palepale mwezi mmoja kabla yangu na alikuwa akinicheka. Jana usiku tulisimama uani kwake na taa ya simu, tukagusanisha pua kwa pua. Gari lake liliitika mara ya kwanza.