Skrini ya Android kwenye IST yangu: mafundi wawili, betri moja, na nilichobaki nacho

Nianze na yule mama wa Kijapani maana kila mwenye Toyota IST anamjua. Ukizungusha funguo tu anaanza kukusemesha, Kijapani kitupu, mpole kama mhudumu wa benki, na mimi mwaka mzima niliamini anakaa ndani ya redio. Redio yenyewe ilikuwa ile ile iliyokuja na gari, skrini ndogo inayodai CD ya ramani ambayo imebaki huko huko ilikotoka, na FM yake inaishia 90 kwa sababu masafa ya Japani yanaanzia 76, kwa hiyo Mwanza yote hii nilikuwa napata vituo viwili vitatu vilivyokaa chini ya hapo, vingine mpaka 108 ndo basi tena. Kuna kale kadude ka kuteremsha masafa wanafunga nyuma ya redio, nilishafungiwa, unaambiwa kituo fulani kiko mia na kitu wewe unakitafuta themanini na ngapi sijui, halafu kinavuma kama mtu anakaanga sato pembeni.

Nilivumilia. Ila mwaka jana daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, ilikuwa tarehe 19 Juni 2025, na mwezi wa saba mimi nikawa naenda Sengerema na Geita mara tatu kwa wiki maana nauza nyavu na kamba za wavuvi. Zamani ile safari nusu yake ilikuwa kusubiri kivuko, unashuka, unapiga stori, unakula mahindi ya kuchoma. Sasa zile kilomita tatu za daraja unazimaliza wimbo haujaisha, safari imekuwa kuendesha tu, na kuendesha tu bila muziki unasinzia. Nikasema potelea mbali, nanunua skrini.

Duka silitaji, ni mjini katikati huku huku, yamejaa. Nikaonyeshwa moja inchi 9, nyembamba, nzuri kama tableti, boksi limeandikwa Android 13, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, uhifadhi 64. Laki tatu na ishirini pamoja na kamera ya nyuma na fremu ya plastiki ya IST. Hiyo fremu msiichukulie poa, Toyota nafasi yao ya redio ni pana, milimita 200, wakati redio za kawaida ni 178, ukinunua bila fremu au vile vipande vya pembeni unabaki na mianya kulia na kushoto unaweza kupitisha kidole. Muuzaji akanifungulia YouTube pale kaunta, video inacheza safi kabisa, nikatoa hela. Sikujiuliza kwamba pale dukani inatumia waifai ya duka.

Fundi alikuwa nje hapo hapo, elfu thelathini, dakika arobaini kamaliza. Dogo mchangamfu, mikono myepesi, mpaka nikamuongezea hela ya soda. Mziki ukapiga, kamera ikaonyesha, nikaondoka nimejaa kwenye kiti kama nina Toyota Krauni.

Na yule mama? Nawasha gari kesho yake asubuhi, yuko pale pale anaongea! Kumbe hakai kwenye redio, anakaa kwenye kile kiboksi cha kulipia barabara za kulipia za kwao Japani, anakukumbusha hujachomeka kadi. Ungeweza kumng'oa ukitaka, mimi nilimwacha, nimeshamzoea.

Sasa shida. Jumatatu ya pili gari haiwaki. Nililipaki Jumamosi jioni nyumbani Nyegezi, Jumatatu nazungusha funguo naambulia ka-mlio tu ka tik tik tik. IST ni otomatiki, huwezi ukaisukuma ukaingiza gia ikawaka, kwa hiyo ni kumgongea jirani, kuazima nyaya, kuunga betri kwa betri, mashati meupe yote yamechafuka na yeye anawahi kazini. Nikanunua betri mpya. Betri mpya nayo siku ya nne, tik tik tik.

Ndo nikaenda kwa mzee mmoja Nyakato, fundi umeme wa magari, yule ambaye hana bango wala nini lakini nje kuna gari sita zinasubiri. Hata hakufungua boneti. Akazima gari, akachomoa funguo, akakaa kimya kidogo akiangalia ile skrini.

"Kijana, hii nani alikufungia?"

"Vijana wa mjini mzee wangu."

"Haya. Iguse."

Nikaigusa kwa nyuma pale ilipotokeza kidogo kwenye fremu. Ya moto. Gari imezimwa, funguo mkononi mwake, na skrini nyeusi tii, lakini kwa ndani iko macho.

Akaichomoa akanionyesha, na hapa ndo naomba mtu yeyote anayetaka kufunga hizi redio asome taratibu. Nyuma kuna waya wa njano, huo unatakiwa upate umeme wa betri muda wote, ndo unatunza kumbukumbu, saa, vituo ulivyosevu. Kuna mwekundu, huo unatakiwa upate umeme pale tu funguo ikizungushwa, ndo unaiambia redio amka, na ukikatika ndo unaiambia lala. Mweusi ni bodi, yaani unaungwa kwenye chuma cha gari. Yule dogo alikuwa ameshika njano na nyekundu akazisokota pamoja akazipeleka kwenye umeme wa muda wote, kazungushia selotepu, kwa hiyo redio haikuwahi kuambiwa lala tangu siku ya kwanza, mimi nilikuwa nazima mwanga wa skrini tu nikidhani nimezima redio. Mzee akasema wengine wanakosea kinyume chake, wanaziunga zote kwenye umeme wa funguo, hapo betri inapona ila kila asubuhi redio imesahau kila kitu, saa inaanza upya na vituo unatafuta upya. Akaweka tesa, kile kipima umeme, kati ya betri na gari, akanionyesha namba za umeme unaoliwa kabla na baada ya kuzitenganisha. Kulikuwa na waya wa bluu pia unaning'inia hauna kazi, akaupeleka kwenye antena kwa sababu antena za hizi gari zina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme, na FM ambayo nilikuwa nailaumu miji yote ya kanda ya ziwa ikakaa sawa muda huo huo. Elfu ishirini. Ningeanza kwake ningekuwa na betri yangu ya zamani.

Umeme ukatulia. Ndo sasa nikaanza kuijua skrini yenyewe.

Kwanza inachelewa. Kama imelala kidogo inaamka haraka, lakini ikizimika kabisa inawaka kama simu, nembo, nembo nyingine, nusu dakika na zaidi. Kwangu nyuma ya gari ni jiwe, jiwe la Mwanza lile la ukweli, kubwa kuliko gari lenyewe, na kamera ya nyuma niliinunua kwa ajili ya hilo jiwe, sasa asubuhi naweka rivasi kamera inakuja nikiwa nimeshageuka zamani kwa kuchungulia dirishani kama mababu.

Pili ni bando. Ile kitu ni tableti, haina laini, kila kitu inaomba kwa simu yako. Uwashe hotispoti, uisubiri ishike, uanze kutafuta wimbo kwenye kioo na mikono ina vumbi la nyavu, na yenyewe ikishaonja intaneti inaanza kujiapudeti mambo yake nyuma huko bila kukuuliza. Bando la wiki lilikuwa linaisha Jumatano. Nikazima mapudeti yote ndo nikapumua.

Tatu ramani. Iliyokuja nayo ilikuwa ya zamani, haina daraja, kwa hiyo kila nikitoka Kigongo kale kamshale kanaacha barabara kanaingia ziwani, kanaelea kilomita tatu zote juu ya maji mpaka kanafika Busisi kanapanda nchi kavu. Mteja wangu mmoja niliyempa lifti aliniuliza kama nimekata tiketi ya boti. Na kabla mzee wa Nyakato hajaihamishia antena ya GPS juu ya dashibodi, ilikuwa imetupwa nyuma ya chuma huko ndani haioni anga, mshale hata barabarani ulikuwa haukai.

La nne ndo liliniuma. Ilianza kustaki, unabonyeza unahesabu mpaka tano. Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta akaweka ile apu ya kuchungulia kifaa ndani kina nini hasa. Kwenye settingi inasema Android 13, ramu 4. Ndani ni Android 10, ramu 2. Wameandika tu namba kubwa juu ya kitu kidogo. Nikarudi dukani, jibu ni "bosi, mzigo ndo unavyokuja hivyo." Inawezekana hata yeye hajui, lakini hela yangu iliishia pale. Kwa hiyo ukinunua, usiangalie boksi wala ukurasa wa settingi, nenda na hiyo apu kwenye flashi uiweke pale pale kaunta, akikukatalia umeshapata jibu.

Mwezi wa kumi na moja nikaitoa. Nikanunua nyingine ambayo nilikuwa naidharau, inchi 7, haina Android ndani, haina duka la apu, haina kitu. Kazi yake ni FM, bluutuu, kamera, na kuipokea simu yako kupitia Android Auto (kwa simu za Android) au CarPlay (kwa iPhone), yaani apu za simu zinatokea kwenye kioo cha redio. Laki moja na tisini. Haya mambo hayakuanza jana, Pioneer walikuwa na redio yao ya kuunganisha simu, AppRadio, toka 2011, CarPlay ya Apple ikaja 2014 na Android Auto 2015, sisi tu ndo tunakutana nayo sasa kwa bei ya kueleweka.

Tofauti ni kwamba akili inabaki kwenye simu. Redio ni kioo na spika. Ramani ni ile ile ya simu yangu, yenye daraja, mshale sasa unavuka kama binadamu. Nyimbo nilizokwisha kushusha kwenye simu zinapiga bila bando hata shilingi. Nikibadilisha simu mwakani redio nayo imekuwa mpya, wakati ile ya kwanza ilikuwa inazeeka peke yake pale kwenye dashibodi. Na inawaka haraka, jiwe langu naliona kabla sijaachia breki. Mtasema hata ile ya kwanza ilikuwa na apu ya kuunganisha simu hivyo hivyo, ndio ilikuwemo, ila ilikuwa inapanda juu ya ule ule mfumo uliochoka, simu inakatika katikati ya Usagara inarudi Sengerema.

Kasoro zipo. Yangu ni ya waya, na wiki ya kwanza ilikataa kabisa kuiona simu, nikajua nimeuziwa kimeo kingine, kumbe waya wangu wa buku mbili ni wa kuchaji tu haupitishi data. Waya mzuri, tatizo kwisha. Zipo za bila waya, lakini hapo simu nyingi lazima ziwe Android 11 kwenda juu na ziwe na waifai ya 5 GHz, kwa hiyo nenda na simu yako mwenyewe ujaribu. Video hakuna, YouTube usahau, na mke wangu hilo hajanisamehe maana alikuwa anaangalia tamthilia tukienda Magu. FM ilikuja imesetiwa Marekani, inaruka namba za witiri tu, 88.1, 88.3, kituo kilichoko kwenye .4 au .8 unakipitia ubavuni kinakwaruza, ingia settingi weka Ulaya. Na WhatsApp haikuonyeshi meseji, inakusomea, kwa mdomo wa Kizungu. Juzi mteja wa Nansio kaniandikia anataka nyavu za dagaa, mdada wa kwenye simu akasoma kitu kama "nayavu za daga", mimi na msaidizi wangu tulicheka mpaka Busisi, halafu nikasahau kumpigia.

Sauti sizungumzii sana, zote mbili zimeandikwa wati kibao kwenye boksi na zote mbili ukipandisha robo tatu zinaanza kulia, spika zangu ni zile zile za Japani.

Mtu wa daladala binafsi au familia inayosafiri mbali na watoto nyuma, ile ya Android yenye ramu ya kweli inaweza kumfaa, mradi aikague. Yangu ya zamani ipo kwenye boksi lake chini ya kitanda, fremu na kila kitu. Shemeji anaitaka aifunge kwenye Noah, nimemwambia ni ramu 2 siyo 4, kasema sawa tu, kinachomvutia ni ukubwa wa kioo. Nitampa kwa laki, ila kwanza nampeleka Nyakato.