Leza ya kukatia chuma: yenye kasha au ya wazi?
Kwa IEC 60825-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, mwali endelevu unaozidi wati 0.5 ni Daraja la 4, yaani daraja la hatari kubwa kuliko yote. Leza za faiba (zinazozalisha mwali ndani ya uzi mwembamba wa kioo) za kukatia chuma hutoa maelfu ya wati. Ukiifungia ndani ya kasha lenye swichi zinazozima mwali mlango ukifunguliwa, mashine nzima yaweza kuhesabiwa Daraja la 1, lililo salama katika matumizi ya kawaida, na mwendeshaji hahitaji miwani. Ya wazi bei yake huvutia, ila inadai chumba chenye udhibiti, msimamizi wa usalama na miwani ya urefu wa wimbi husika. Hapo ndipo wengi hukosea: miwani ya leza ya CO2 (ya gesi, yenye urefu mwingine wa wimbi) si kinga ya mwali wa faiba, usioonekana lakini unafika hadi retina, nyuma ya jicho. Mimi ningechukua yenye kasha. Fundi wa matengenezo tu ndiye atakayekutana tena na Daraja la 4.